Hofu ya watu na tafakuri ya Kibuddha: pumzi, metta, ukimya au kikundi?

Kuna mtu anapitishwa kituo kwenye daladala kwa sababu ameshindwa kupaza sauti kumwambia konda "shusha". Anashuka kituo cha mbele na kurudi kwa miguu juani. Mtu huyohuyo akialikwa kikao cha harusi huanza kuumwa tumbo siku kadhaa kabla, maana anajua itafika zamu ya kusimama na kujitambulisha. Mtaani wanasema ana maringo, hasalimii watu. Hana maringo. Anajishtukia kiasi kwamba salamu ya kawaida inamtoa jasho, na akishafika nyumbani anairudia kichwani usiku kucha, neno kwa neno.

Hofu ya namna hii ikidumu miezi sita au zaidi na kuvuruga kazi, masomo au mahusiano, madaktari huihesabu kuwa ugonjwa, huuita hofu ya kijamii, na ugonjwa wenyewe unatibika. Wengi wenye hofu hii siku hizi wanakutana na tafakuri ya Kibuddha kwenye simu zao, wanavutiwa, kisha wanakwama, kwa sababu njia ni nyingi na kila mwalimu anasifia yake. Hapa nalinganisha nne ninazoziona zikitajwa zaidi: kufuatilia pumzi nyumbani, metta (kujitakia na kuwatakia wengine wema), kozi ya siku kumi ya ukimya, na kukaa na kikundi.

Nianze na jambo linalonipa moyo. Maandiko ya kale ya Kibuddha yanaijua hofu hii. Katika mkusanyiko uitwao Anguttara Nikaya zimetajwa hofu tano: kukosa riziki, kuvunjiwa heshima, kubabaika mbele ya mkusanyiko wa watu, kufa, na kuzaliwa upya mahali pabaya. Ya tatu ndiyo yetu, na imewekwa kundi moja na kifo. Anayekuambia ni aibu tu, jikaze, hajui uzito wa anachokizungumzia.

Vigezo nitakavyotumia

Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza kinachoifanya hofu hii isiishe. Mtu akiingia kwenye watu, umakini wake wote unageukia ndani: anajitazama kwa macho anayodhani wengine wanamtazamia. Halafu anajikinga. Anashika simu, anakaa karibu na mlango, anaandaa sentensi kabla ya kuisema. Kinga hizo zinamnyima nafasi ya kugundua kwamba hata bila kinga asingedhurika.

Sasa tafakuri nayo inasema "tazama ndani". Kwa mtu ambaye tayari anajitazama kupita kiasi, agizo hilo linaweza kumponya au kumzamisha zaidi. Kwa hiyo kila njia nitaiuliza maswali yaleyale: umakini unapelekwa wapi? Inakukutanisha na watu kiasi gani? Inadai nini kwa muda, fedha, mahali na dini? Inaweza kupotokea wapi? Kisha, inamfaa nani.

Pumzi na kutaja, peke yako nyumbani

Mizizi ya njia hii iko kwenye hotuba mbili za Buddha, Anapanasati (kuhusu pumzi) na Satipatthana (kuhusu misingi ya uzingativu, yaani kuwa makini na kinachotokea sasa). Sura yake ya leo imetokana kwa sehemu kubwa na Mahasi Sayadaw (1904–1982), mtawa wa Burma aliyewafundisha watu wa kawaida kufuatilia tumbo likipanda na kushuka, na kutaja kimoyomoyo kila kinachojitokeza. Kwa Kiswahili inakaa vizuri mdomoni: kupanda, kushuka; kusikia, kusikia; kuwaza, kuwaza; hofu, hofu.

*Umakini.* Unaenda mwilini, na hapo ndipo penye faida na ugumu kwa pamoja. Faida ni kwamba wazo "watanicheka" likishatajwa kuwa "kuwaza", linapungua nguvu. Halifutiki, ila linaacha kuwa hukumu na kuwa kitu kinachopita. Ugumu ni kifua. Moyo ni kiungo ambacho mwenye hofu amekichunguza maisha yake yote, na ukikaa kuutazama ukidunda mara nyingi unazidi kwenda mbio. Likikupata hilo usijilazimishe. Hamia kwenye nyayo zinavyogusa sakafu, kwenye viganja, au kwenye sauti. Satipatthana inarudia tena na tena kwamba mtu achunguze ndani, achunguze nje, na achunguze ndani na nje. Hiyo nje inarukwa sana, na kwa hofu hii mimi naiona kuwa nusu iliyo muhimu zaidi: mngurumo wa injini, abiria wawili wanaobishana kuhusu mpira, rangi ya shati la aliyekaa mbele yako.

*Watu.* Hakuna, mpaka uamue mwenyewe kuibeba njia hii na kutoka nayo nje. Katika desturi ya Mahasi kukaa kunapokezana na kutembea, na kutembea ndiko daraja. Anza koridoni, pole pole, ukihisi mguu ukiinuka na kukanyaga. Baadaye tembea hivyohivyo kwa mwendo wa kawaida kwenda dukani, kisha sokoni asubuhi watu wakiwa wengi. Hotuba ya Bhayabherava inasimulia jinsi Buddha, kabla hajapata mwanga, alivyokwenda makusudi mahali pa kutisha porini usiku. Hofu ikimjia akiwa anatembea, hakusimama wala kukaa mpaka aishinde akiwa anatembea. Ikimjia amekaa, hakuinuka. Mtu aliyewahi kusimama nje ya mlango wa sherehe akitafuta sababu ya kurudi nyumbani ataelewa mara moja uzito wa maneno hayo.

*Inachodai.* Dakika kumi, kiti, na mlango unaofungika. Huo mlango, kwenye nyumba ya kupanga yenye watu sita, si jambo dogo. Wengi hupata utulivu alfajiri kabla nyumba haijaamka. Fedha haihitajiki, na hakuna kiapo cha dini. Muislamu au Mkristo anaweza kutazama pumzi yake bila kuacha imani yake, ingawa ni vizuri akajua njia ilikotoka na kuiheshimu.

*Inapopotoka.* Mto wa kukalia unageuka kuwa kona mpya ya kujificha. Utaiona kwa dalili mbili. Ya kwanza, unaanza kukataa mialiko kwa sababu ni "muda wangu wa kutafakari". Ya pili ni ya siri zaidi: katikati ya mazungumzo unashughulika na pumzi yako ili uonekane mtulivu, na wala husikii unachoambiwa. Hapo pumzi imekuwa kinga, kazi ileile ya simu mkononi.

*Inamfaa* anayeanza kabisa, asiye na kituo karibu, au ambaye kwa sasa hata kukutana na mwalimu kunamtisha.

Metta

Metta ni kuutakia wema moyo wako na wa wengine kwa maneno machache yanayorudiwa: niwe salama, niwe na amani, nisiwe na chuki, kisha uwe salama, uwe na amani. Buddhaghosa, mwanazuoni wa karne ya 5 aliyeandikia Sri Lanka, aliipanga kwa ngazi: anza na wewe mwenyewe, kisha mtu unayemheshimu, kisha rafiki mpendwa, kisha mtu usiye na hisia naye, na mwisho adui.

Wapo wanaoiona kuwa laini mno, ya watu wa nyimbo na mishumaa. Masimulizi ya ufafanuzi wa kale yanasema tofauti. Watawa walikwenda kutafakari msituni, roho za miti zikawatisha kwa sura na sauti mpaka wakakimbilia kwa Buddha kuomba wapelekwe kwingine. Hakuwapeleka kwingine. Aliwafundisha Metta Sutta na kuwarudisha msitu uleule. Kwa hiyo, kwa mapokeo yenyewe, metta ilitolewa kwa ajili ya watu waliojawa na hofu, ili waweze kurudi mahali walipotishika.

*Umakini.* Unatoka kwako na kumwelekea mwingine, na ndiyo maana naipenda kwa hofu hii kuliko ninavyoweza kuficha. Ukiwa umemtazama mama ntilie anavyogawa chakula na kumtakia kimoyomoyo siku njema, kwa sekunde hizo huwezi kuwa unajipima mwenyewe. Swali "ananionaje?" linaachia nafasi swali "hali yake ikoje?"

*Watu.* Wako moyoni kwanza, halafu mbele ya macho. Ngazi ya mtu usiye na hisia naye imekaa kama vile imetengenezwa kwa miji yetu: konda, wakala wa fedha, mlinzi wa geti, jirani wa ngazi ya juu usiyemjua jina. Watu haohao ndio wanaotisha kuwasalimia.

*Inachodai.* Karibu hakuna kitu. Inafanyika kwenye foleni, na anayesali anaweza kuiona inakaribiana na kuombea wengine, ingawa Mbudha hamwombi Mungu atende. Anaufundisha moyo wake.

*Inapopotoka.* Ngazi ya kwanza. Mwenye hofu hii mara nyingi ana sauti kali sana dhidi yake mwenyewe, na akijaribu kusema "niwe na amani" ndani panajibu "wewe?" Wengine hulia, wengine hukasirika. Si dhambi kuanza na bibi yako au mtoto mdogo unayempenda, kisha ukajiingiza baadaye ukiwa umeketi ubavuni mwake. Upotofu mwingine ni kuwatakia watu wema ili wakupende. Huo ni ule uchunguzi wa zamani ukiwa na sura ya upole, na unachosha vilevile.

*Inamfaa* anayejihukumu sana, anayekutana na watu kila siku kazini bila kuwa na namna ya kuwakwepa, na yule ambaye pumzi imemzidishia mapigo ya moyo.

Siku kumi za ukimya

Kozi hizi zimeenezwa na S. N. Goenka (1924–2013), mfanyabiashara wa asili ya India aliyezaliwa Mandalay, akafundishwa na Sayagyi U Ba Khin wa Burma, na kuanza kufundisha India mwaka 1969. Mpangilio ni mmoja dunia nzima. Kengele ya kuamka inalia saa kumi alfajiri. Mnakaa kutafakari takribani saa kumi kwa siku. Siku tatu na ushei za kwanza ni pumzi puani. Siku ya nne mnaanza kupitisha umakini mwilini kutoka utosini mpaka vidoleni. Hakuna kuzungumza, kuonyeshana ishara, simu, kitabu wala kalamu. Wanaume na wanawake wanakaa mbalimbali. Siku ya kumi mnafundishwa metta na ruhusa ya kuzungumza inarudi.

*Umakini.* Ndani, kwa kina na kwa muda mrefu kuliko njia nyingine yoyote hapa. Unajifunza kuona joto la uso na mtetemeko wa mikono vikija na kuondoka bila kuvikimbia, na hilo ni somo la thamani kubwa kwa mtu aliyeishi akiogopa uso wake utamsaliti.

*Watu.* Hapa pana mkanganyiko unaostahili kufikiriwa vizuri kabla ya kujaza fomu. Unaishi na makumi ya watu, mnakula ukumbi mmoja, na hakuna anayetarajia neno wala jicho kutoka kwako. Kwa mwenye hofu ya watu hiyo ni raha ambayo huenda hajawahi kuionja: kuwa katikati ya watu bila mtihani. Wengine kwa mara ya kwanza wanaamini kwamba mkusanyiko si lazima uwe mahakama. Lakini raha hiyo imenunuliwa kwa kuondoa kila kitu kinachoogopwa. Siku ya kumi vinywa vinapofunguliwa, ukumbi mzima unalipuka kwa maongezi, na mtu aliyetulia siku zote anaweza kujikuta chooni amejifungia. Anayekwenda ajue saa hiyo inakuja, na aihesabu kuwa sehemu ya kozi.

*Inachodai.* Ada hakuna. Waliomaliza kozi huchangia kwa ajili ya wanaofuata. Gharama ni siku zenyewe, likizo, na nauli. Kuna sharti jingine ambalo msomaji wa kwetu analazimika kulipima: kwa muda wa kozi unatakiwa kusimamisha sala, ibada, kufunga, tasbihi na rozari. Kwa anayeswali mara tano kwa siku hilo linaweza kuufunga mlango kabisa, na ni haki yake kulijua kabla hajasafiri.

*Inapopotoka.* Saa kumi za kujitazama zinaweza kufukua mambo mazito. Fomu ya maombi inauliza kuhusu afya ya akili. Jibu ukweli wote. Usiache dawa ulizoandikiwa ili ukubaliwe. Mwenye historia ya kiwewe kikubwa, msongo mzito au kuchanganyikiwa azungumze na daktari wake kwanza.

*Inamfaa* aliyekwisha kuzoea kukaa kila siku, aliye imara kiafya, na mwenye mpango wa kukutana na watu baada ya kozi.

Kikundi

Thich Nhat Hanh (1926–2022), mtawa wa Vietnam aliyeishi uhamishoni miongo mingi, alianzisha Plum Village kusini magharibi mwa Ufaransa mwaka 1982. Huko kengele ikilia kila mtu anaacha anachofanya na kupumua. Watu hutembea pamoja kimya, hula pamoja, na huketi kwenye duara la kushirikishana. Anayetaka kusema anakutanisha viganja na kuinamisha kichwa, nao wanamwitikia hivyohivyo. Akiwa anasema hakuna anayemkatiza, na hakuna anayempa ushauri asioomba. Anayetaka kunyamaza ananyamaza, na yaliyosemwa yanabaki humo.

*Umakini.* Unakwenda na kurudi: pumzi yako, sauti ya mwenzio, pumzi yako tena. Zoezi hilo la kurudi kwa mwenzio ndilo hasa linalokosekana sherehe inapokushinda.

*Watu.* Ndiyo njia yenyewe. Unakutana na unachokiogopa kwa kipimo chenye utaratibu, mbele ya watu walioahidi kutokucheka.

*Inachodai.* Mahali, na huko kwetu si pengi. Dar es Salaam kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka. Entebbe kuna Uganda Buddhist Centre, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na Ubuddha akiwa mwanafunzi India na kupata utawa mwaka 2002. Mtindo wa mahali hapo ni wa Theravada, mapokeo ya Kibuddha ya Sri Lanka na Burma, si wa Plum Village. Usitegemee duara kila mahali. Wanaoishi mbali hujiunga na vikundi vya mtandaoni, ambako unaweza kuanza kamera ikiwa imezimwa. Siku ya kwanza ndiyo ngumu: viatu vinavuliwa wapi, unakaa wapi, unamsalimia nani kwanza. Andika ujumbe mapema, fika kabla ya wengine, na omba kazi ya mikono kama kupanga mito au kuosha vikombe. Mtu mwenye kazi anapata watu wa kumsogelea bila yeye kuwatafuta.

*Inapopotoka.* Ukimya ulioruhusiwa unaweza kuwa wa kudumu. Ukakaa kwenye duara miezi bila kusema hata jina lako. Pia upole wa kikundi unaweza kukufanya uone watu wa nje kuwa wakali, ukabaki na kikundi tu.

*Inamfaa* anayejua kwamba upweke umeshamla vya kutosha, na ambaye anaweza kuvumilia dakika ishirini za wasiwasi bila kukimbia.

Vipi kuhusu daktari?

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alichukua mazoezi ya asili ya Kibuddha na kuyaweka katika mafunzo ya wiki nane hospitalini, bila lugha ya dini. Mafunzo hayo yamepimwa dhidi ya tiba nyingine. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2007 uliyakuta yanasaidia wenye hofu ya kijamii, ila tiba ya kikundi ya kubadili fikra na mienendo ilipunguza hofu yenyewe zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulikuta matokeo ya hizo mbili yanakaribiana sana. Mwingine wa mwaka 2022, uliowahusisha watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi ya aina mbalimbali, ulionyesha kuwa mafunzo ya wiki nane hayakuzidiwa na escitalopram, dawa ya kutibu wasiwasi. Hayo ni mafunzo yenye mwalimu, kikundi na kazi za nyumbani kila siku. Programu ya simu unayoifungua ukiwa kitandani haijapewa sifa hiyo. Na hakuna mahali matokeo hayo yanaposema uchague tafakuri na kuacha tiba. Vinakwenda pamoja vizuri.

Ukiwa na hali hii, anza hapa

Kama hofu imekufungia ndani, huendi chuo wala kazini, anza na mtaalamu wa afya ya akili, na tembea kwa uzingativu dakika kumi kila siku nje ya nyumba. Ukimya wa siku kumi usiuguse kwa sasa. Kama kuna mawazo ya kujidhuru, tafakuri isubiri. Nenda hospitali leo na umwambie mtu wa karibu.

Kama unafanya kazi ya kukutana na watu na unarudi nyumbani umechoka kwa kujishtukia, metta ya kwenye njia itakufaa kuliko kuongeza muda wa kukaa.

Kama umekaa na pumzi muda mrefu, nyumbani uko shwari na nje hakujabadilika kitu, huhitaji kukaa zaidi. Unahitaji watu. Tafuta kikundi, hata cha mtandaoni, na uweke nia ya kusema sentensi moja.

Kama uko imara, umezoea, na sharti la ibada halikukwazi, kozi ya siku kumi inaweza kukupa kina ambacho nyumbani hukipati. Panga mapema wiki ya kurudi: mwaliko mmoja uliokuwa umeukwepa, ukubali kabla hujaondoka.

Kama ni mzazi, na mwanao ndiye anayejificha wageni wakija, usimkalishe chini afumbe macho. Tembea naye mpaka dukani, msikilize sauti za njiani pamoja, na umwache yeye aombe mkate, hata kwa sauti ya chini.